Sentensi Moja Tu Ilikuwa na Mtu

Mheshimiwa mgeni rasmi, ambaye ndiye Daktari Mkuu wa hospitali yetu, Mkuu wa Chuo, Metroni mstaafu, uliyekubali kutoka nyumbani na goti hilo linalokusumbua, wakufunzi wenzangu, masista wa wodi mliotoroka zamu kwa nusu saa na ambao kwa usalama wenu sitawataja, wanafunzi wetu wapendwa mliojaa hadi barazani, Mama, mke wa Mwalimu wetu, pamoja na watoto na wajukuu, na wewe mwenyewe, Mwalimu, uliyeketishwa kwenye kiti chenye kitambaa cheupe kama bwana harusi, leo tunapokuaga ukistaafu: nawasalimu nyote kwa heshima, kila mmoja kwa cheo chake na kwa nafasi yake.

Nimepewa dakika kumi. Mmeona? Mwalimu ameshainua nyusi. Haya, Mwalimu, nasahihisha: Mkuu wa Chuo amenipa dakika kumi, na yeye huyo huyo ndiye atakayenikatiza nikizidisha.

Hiyo, ndugu zangu, ndiyo kazi ambayo mzee huyu ameifanya hapa chuoni tangu nywele zake zikiwa nyeusi. Amewafundisha wauguzi kuandika Kiingereza. Ripoti za zamu, maelezo ya wagonjwa, taarifa za ajali, yote tunayaandika kwa Kiingereza, na yote yamepita chini ya kalamu yake nyekundu. Na kalamu ile ilikuwa na neno moja ililolipenda kuliko mengine. Ulikuwa ukiandika kwamba mgonjwa alipewa maji, pembeni unakuta: Nani? Ukiandika kwamba shuka lilibadilishwa: Nani? Ndiyo maana wanafunzi wakamwita Mwalimu Nani, jina ambalo limewahi kuleta kizaazaa getini. Mgeni mmoja alifika akamwambia mlinzi, "Namtafuta yule mwalimu wa Kiingereza."

"Mwalimu Nani?"

"Jina lake silijui."

"Mwalimu Nani, yuko darasani."

"Sasa kaka, unaniuliza au unanijibu?"

Nasikia walifikishana hadi ofisi ya Mkuu wa Chuo.

Nakumbuka kipindi chake cha kwanza na sisi, nilipokuwa mwanafunzi hapa. Tulikaa na madaftari mapya tukisubiri sheria za sarufi. Badala yake akaandika ubaoni, kwa Kiswahili: Kikombe kimevunjika. Akatugeukia.

"Nyumbani kwenu, nani husema maneno haya?"

Tukacheka, maana hakuna aliyekuwa hajawahi kuyasema. "Husema mtoto!"

"Mtoto yupi?"

"Aliyekivunja!"

"Na mama hujibuje?"

Binti mmoja wa nyuma akabana pua, akatoa sauti ya mama mwenye hasira zake: "Kimejivunja chenyewe?"

"Basi," akasema Mwalimu, "somo limekwisha. Yaliyobaki ni Kiingereza tu."

Kisha akatuchambulia taratibu. Ukisema nimekivunja, mtu yupo, amesimama hapa, unaweza kumshika mkono. Ukisema kimevunjwa, mtu alikuwepo lakini ametoka, ameacha kaherufi kamoja tu, ile w, kama nyayo mlangoni. Ukisema kimevunjika, hata nyayo hakuna. Akatuonyesha kwamba Kiingereza nacho kina mlango wake wa nyuma, kwamba mle ndani mtendaji huja mwishoni akitanguliwa na kineno kidogo, by, na kwamba ukikidondosha kineno kile pamoja na mtu wake, sentensi inabaki imesimama wima kama vile haijapoteza kitu. "Ikidondosha mtu haitoi hata mlio," alisema. "Sikio lenu ndilo litakalosikia."

Tulinakili. Tukafaulu mtihani. Lakini je, tulielewa? Nasema kwa niaba ya darasa zima: hatukuelewa. Tulielewa mwaka uliofuata, na aliyesababisha tuelewe ni rafiki yangu tuliyemwita Kimya. Leo ni sista mkuu wa wodi ya upasuaji, ameketi pale safu ya tatu. Nilimwomba ruhusa ya kusimulia haya. Aliniangalia, akasema, "Sema," akaendelea kukunja bandeji. Kwake yeye hiyo ni hotuba ndefu.

Tulikuwa mwaka wa pili. Mwanamke mmoja, fundi cherehani, mama wa watoto wadogo, alikuwa amefanyiwa upasuaji na amelala salama. Asubuhi ilipofika alipaswa kudungwa sindano ya kutuliza maumivu. Kimya alisoma chati, akavuta kiasi kilichoandikwa, kiasi kile kile alichokuwa akivuta kila siku, akamdunga. Haukupita muda yule mama akaanza kulegea. Pumzi zikawa za kuhesabika, midomo ikabadilika rangi. Aliyeona ni Kimya, na aliyepiga yowe ni Kimya, na nadhani ndiyo mara pekee ambayo wodi ile imewahi kumsikia. Daktari wa zamu akaja mbio, akampa mgonjwa dawa ya kuikata ile ya kwanza, wakamkimbiza kwenye chumba cha mahututi, na sisi tuliobaki tukasimama tunatazama kitanda kitupu.

Kumbe chupa zilikuwa mpya. Dawa ile ile, kizibo cha rangi ile ile, ila nguvu yake ilikuwa imezidi ya zamani mara kumi, na hakuna aliyewaambia watu wa wodini.

Kimya akakatazwa kukanyaga wodi. Bweni lilikuwa kama nyumba ya msiba. Alikunja godoro lake, akafunga sanduku, akaketi juu yake. Baba yake alikuwa ameshapigiwa simu aje amchukue. Nilimletea chai, ikapoa mkononi mwake. Nikamuuliza, "Umekula?" Akaniuliza, "Anapumua?"

Siku ya kikao ikafika. Mimi niliingia kama mwakilishi wa wanafunzi, nimekaa kwenye kona ya meza ndefu. Alikuwepo Daktari Mkuu wa wakati ule, aliyekutangulia wewe, mgeni rasmi. Alikuwepo Metroni. Alikuwepo mfamasia, ambaye sasa yuko kwenye hospitali nyingine, na ambaye nilipompigia simu juzi alisema, "Simulia yote, dada, usiniruke." Na alikuwepo afisa utumishi, aliyekuwa ameandaa ripoti ya kupeleka kwenye bodi. Ripoti ilikuwa kwa Kiingereza, na bodi ile ilikuwa na wasomi wakali wa lugha, kwa hiyo wakamwita Mwalimu aje ainyooshe kidogo kabla haijatiwa saini.

Akaja na kalamu yake. Akavaa miwani. Akaisoma kwa sauti, juu ya mlio wa feni mbovu.

Nawatafsiria kwa Kiswahili kilichokuwemo, maana nilikisikia kwa masikio yangu: Chupa za aina mpya zilipokelewa. Wodi hazikujulishwa. Muuguzi wa pili alihamishiwa wodi nyingine. Kiasi cha dawa hakikuhakikiwa. Mwanafunzi alimdunga mgonjwa dawa iliyozidi.

Mwalimu akavua miwani. "Kiingereza chake ni kizuri," akasema. "Tahajia haina kosa. Lakini nina swali. Ukurasa mzima una kazi nyingi zilizofanyika na nyingine zisizofanyika. Mbona aliyefanya kitu ni mmoja tu?"

Afisa utumishi akasema, "Sijakuelewa, Mwalimu."

"Chupa zilipokelewa. Zilipokelewa na nani? Wodi hazikujulishwa. Ni nani ambaye hakuzijulisha? Muuguzi alihamishwa. Alijihamisha? Sentensi nne hazina mtu. Ya tano ina mtu, na mtu mwenyewe ndiye mdogo kuliko wote katika hospitali hii."

"Tulikuita utusahihishie Kiingereza," Daktari Mkuu akasema, na sauti yake haikuwa ya mchezo.

"Ndicho ninachosahihisha, Daktari."

"Ripoti za kitaalamu huandikwa hivyo. Wewe mwenyewe unajua. Huo ndio mtindo."

"Najua, na sina ugomvi na mtindo. Kama ni mtindo, na huyu binti naye aingie ndani yake. Andikeni kwamba dawa ilidungwa, tufiche wote. Au muandike nani alipokea, nani hakujulisha, nani alihamisha, tuonekane wote. Ninachokataa ni nyumba moja kuwa na mapazia kila dirisha, halafu dirisha la mtoto peke yake likaachwa wazi."

Mimi nilijua, na kila mtu mle ndani alijua, kwamba mwalimu wa lugha hana mamlaka yoyote kwenye kikao kile. Mkataba wake ungeweza kukatishwa kesho yake kwa sentensi isiyo na mtu. Nilitazama mikono yake. Alikuwa ameishikilia ile kalamu kwa mikono miwili, kama mtu aliyeshika kikombe cha moto.

Aliyemjibu ameketi hapa mbele yetu. Metroni alisogeza kiti, akasema, "Andika: Metroni alimhamisha."

Afisa utumishi akasita. "Metroni, si lazima..."

"Andika, mwanangu. Nilimhamisha mimi. Wodi ya watoto ilikuwa imezidiwa, nikachagua. Nilimwacha sista mmoja na wodi mbili, kwa hiyo wakati wa kuhakiki dawa huyo sista hakuwepo, na hakuwepo kwa sababu yangu. Ningekuwa na nafasi ile ile tena, sijui kama ningechagua tofauti. Lakini nilichagua mimi."

Mfamasia alikuwa amejishika kichwa. Akasema bila kuinua uso, "Chupa nilizipokea mimi. Nilisema nitazunguka wodini mwenyewe niwaambie, kwa sababu ni jambo la hatari. Ikaja shughuli nyingine, nikasema nitapita baadaye. Sikupita." Kisha akalia, mtu mzima na miwani yake, na Metroni akamsogezea leso.

Daktari Mkuu akavuta ile karatasi kwake. "Na mimi niliidhinisha ununuzi wa chupa zile," akasema. "Sikuuliza kama zinafanana na za zamani. Haya, Mwalimu, tunyooshee."

Wakaiandika upya pale pale, sentensi kwa sentensi, kila kitenzi na mwenyewe. Walipofika ya mwisho, ile ya mwanafunzi, Metroni akapendekeza wailainishe kidogo, binti ameshaumia vya kutosha. Mwalimu akasema, "Aulizwe." Unaona, Mwalimu, na wewe ulisema aulizwe, bila kusema na nani! Nilisimama mimi, nikaenda kumwita.

Kimya akaingia, akasomewa ripoti nzima. Wakamuuliza kama angependa sentensi yake ibadilishwe. Akatikisa kichwa. "Mimi ndiye niliyemdunga," akasema. "Iacheni. Ila naomba muongeze kwamba ndiye niliyeita daktari, maana na hilo nililifanya."

Wakaongeza.

Bodi iliisoma. Hakuna aliyefukuzwa. Walipewa karipio waliostahili karipio, na wodi ikaongezewa sista. Dawa zile kali zikahamishiwa kabati lake lenye kufuli, na tangu siku hiyo, ninyi wanafunzi mnaolalamika kila asubuhi, hakuna anayevuta dawa ile bila mwenzake kusoma lebo kwa sauti. Mlidhani ni ukali wetu tu? Baba yake Kimya alifika jioni, akamkuta binti yake anatandika godoro. Yule mzee akauliza, "Sasa nimekuja kufanya nini?" Tukamwambia, "Kula, baba." Akala.

Na yule mama? Alizinduka. Alipopata nguvu, Daktari Mkuu na Metroni walikwenda wenyewe kitandani kwake, mumewe akiwepo. Daktari hakusema kwamba kulitokea hitilafu. Alisema, "Mama, tulikupa dawa nyingi kupita kiasi. Tulikosea. Utuwie radhi." Mumewe alisimama kwa hasira, na alikuwa na haki ya hasira hiyo, akasema mengi ambayo Daktari aliyapokea bila kujitetea. Mkewe alimwacha amalize. Kisha akasema, "Nilijua kuna kitu. Kila anayeingia hapa ananiambia nimeendelea vizuri, lakini hanitazami machoni. Nilikuwa nangoja mtu mmoja aseme." Halafu akauliza, "Na yule binti mpole, mbona simwoni?"

Wakamleta. Kimya akasimama mlangoni, hana pa kuweka mikono. Yule mama akamtazama, akakunja mkono wa gauni lake taratibu. "Njoo. Sindano ya mchana utanipa wewe. Lakini leo, mwanangu, soma kwanza hiyo chupa kwa sauti na mimi nisikie."

Sasa, msiondoke hapa mkidhani Mwalimu aliichukia kauli ya kutendwa. Baada ya kikao kile darasa letu lililewa ushindi. Kila kitu tukakigeuza kiwe cha kutenda. Maelezo yetu ya wagonjwa yakawa: Nilimwosha mgonjwa. Nilimgeuza mgonjwa. Nilimlisha mgonjwa uji. Tulijiona mashujaa wa ukweli. Mwalimu akayarudisha madaftari, na safari hii pembeni hakuandika Nani. Aliandika: Mgonjwa yuko wapi?

"Karatasi nzima imejaa ninyi," akatuambia. "Huyu mzee amelala hapa na maumivu yake, daktari atakayekuja anataka kujua habari zake yeye, ninyi mmesimama mlangoni mnapiga picha. Kuna wakati mtendaji anapaswa kukaa pembeni, aliyetendewa aje mbele. Mgonjwa ameoshwa. Amegeuzwa. Amelishwa. Hapo hamjamficha mtu, jina lenu na saini yenu viko chini. Mmempisha tu mwenye kitanda." Ndipo tukaelewa kwamba swali halikuwa kauli ipi ni nzuri na ipi ni mbaya. Swali lilikuwa: ukiiondoa nafsi yako kwenye sentensi, unampisha nani, au unamkimbia nani?

Na wala asidhani mtu kwamba nyumbani kwake Mwalimu alikuwa anashinda. Katika Kiswahili chetu mwanamume huoa na mwanamke huolewa, lakini siku moja tulipowatembelea, Mama hapa alituambia mambo yalivyokwenda. Mwalimu alimzungusha miaka, kila siku anatunga barua nzuri isiyo na swali ndani yake, hadi Mama akachoka, akaenda kwao Mwalimu na shangazi yake, akaketi, akasema, "Huyu nimemchagua, semeni lini." Kwa hiyo, ndugu zangu, kwa ushahidi wa mwenyewe, Mwalimu wetu aliolewa. Msicheke sana, Mama anaitikia kwa kichwa. Mama, tunakushukuru. Ulimtunza, ukamvumilia, ukasoma madaftari yetu pamoja naye macho yake yalipoanza kuchoka. Tunajua baadhi ya zile alama nyekundu ni zako, maana zilikuwa na huruma.

Mheshimiwa mgeni rasmi, nimalizie na jambo la mwezi huu, kwa sababu mtu anayestaafu ana haki ya kujua anaacha nini.

Mwanafunzi wetu wa mwaka wa kwanza alikuwa zamu wodi ya upasuaji. Alifungua dripu ya mgonjwa ikaenda haraka kuliko ilivyoagizwa. Hakuna aliyemwona. Mgonjwa alikuwa hajapata shida yoyote. Angeweza kuirudisha taratibu, akanyamaza, na dunia ingeendelea kuzunguka. Binti yule akaifunga, akatembea hadi kwenye meza ya sista mkuu, akasema, "Sista, nimekosea. Nimefungua dripu ya kitanda cha dirishani ikakimbia. Nimeifunga. Naomba uje umtazame."

Na sista mkuu wa wodi ile ni nani, kama si Kimya? Akainuka, akaenda, akampima mgonjwa, akamkuta salama. Walirudi mezani. Binti alikuwa ameshaanza kufikiria sanduku lake. Kimya akamvutia kiti karibu na chake. "Umefanya vizuri kuniambia," akasema. "Kaa. Tutaiandika pamoja. Na mimi uniandike humo, maana sikukuonyesha mara ya pili jinsi ya kuifungua."

Mwalimu, hakuna aliyemfundisha Kimya kusema hivyo kwa kumpa kanuni. Alisomewa jinsi watu wazima walivyofanya hivyo siku moja, kwenye chumba chenye feni mbovu, kwa sababu wewe ulikataa kunyamaza. Taarifa za makosa zinazoletwa na wahusika wenyewe zimeongezeka hospitalini kwetu, na Daktari Mkuu atanishuhudia kwamba hatuzionei aibu. Tunazifurahia, maana kosa likisemwa mapema mgonjwa anapona. Binti yule yuko hapa leo, kule barazani. Simtaji, asije akazimia. Lakini jua kwamba yupo, na kwamba nyuma yake wako wengine.

Kesho asubuhi naingia kwenye darasa lako na chaki yangu, kushika somo lako. Nitaogopa, sitaficha. Nenda kapumzike, Mwalimu. Lala mchana bila kengele. Wajukuu wakuvunjie vikombe wapendavyo.

Wewe ulitufundisha. Sisi tutawafundisha hawa. Na ninyi nyote mmenipa masikio yenu na subira yenu mchana huu, nami nawashukuru kwa moyo wangu wote.